ELIMU KWA WANANCHI: KUUFIKISHA MTANDAO WA WI-FI KATIKA VYUMBA VYOTE VYA NYUMBA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, katika toleo hili, umetengwa kwa ajili ya kueleza jambo linalozisumbua nyumba nyingi, nalo ni udhaifu wa mtandao wa Wi-Fi majumbani.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani hulazimika kukaa ngazini ili aweze kusoma somo lake. Mtumishi anayepeleka taarifa ya idara yake huona waraka umekatika nusu ya safari. Bibi mzee asiyeweza tena kushuka ngazi hukosa kuonana kwa picha na mwanawe aliyeko Muscat au London, kwa kuwa chumba chake kipo nyuma ya kuta tatu. Nyumba zote hizo hulipa ada ya mtandao kila mwezi, na huduma hiyo huishia ukumbini.

KWANZA: KUIJUA KASORO ILIPO

Kabla ya kununua chochote, inafaa mwenye nyumba apime. Asimame na simu yake hatua mbili kutoka kwenye ruta, apime kasi ya mtandao kwa programu ya kupimia. Kisha aende katika chumba chenye shida, apime tena. Iwapo kasi ni ndogo hata karibu na ruta, kasoro iko kwa mtoa huduma au katika kifurushi kilichonunuliwa, na huko ndiko malalamiko yapelekwe. Iwapo kasi ni nzuri karibu na ruta na hafifu chumbani, kasoro imo ndani ya nyumba.

Tuchukue mfano wa nyumba iliyonunua megabiti 20 kwa sekunde. Karibu na ruta zinapatikana 19, na katika chumba cha nyuma zinapatikana 2. Mwenye nyumba huyo akipandisha kifurushi hadi megabiti 40, atalipa zaidi na chumba cha nyuma kitabaki karibu vile vile, maana kizuizi ni ukuta.

PILI: KWA NINI KUTA ZETU NI KIZUIZI

Wi-Fi ni redio. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 12 hivi, na ya gigahezi 5, ambayo wimbi lake halifiki sentimita 6. Mawimbi ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini hubeba mzigo mdogo. Ya 5 hubeba mzigo mkubwa lakini hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta.

Nyumba za Mji Mkongwe, uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake aghalabu hufikia nusu mita au kupita. Dari zake zililazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vikajengwa vyembamba. Matokeo yake ni kwamba wimbi linalotoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma hukutana na kuta nene nyingi katika mwendo mfupi. Ukuta uliokunywa maji wakati wa masika huzuia zaidi, kwani maji hunyonya nguvu za mawimbi hayo.

Nyumba za ghorofa kama zile za Michenzani zina shida nyingine. Zege yenye nondo huzuia, na juu ya hayo ruta za majirani ni nyingi na zote husema kwa pamoja. Katika mawimbi ya 2.4, njia ambazo kwa kawaida hutumika bila ya kuingiliana ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Ama katika nyumba za mashamba, mabati ya paa, kioo kikubwa cha kabati na tangi la maji huyazuia au huyarudisha mawimbi yasifike upande wa pili.

TATU: MFUMO WA MESHI NI NINI

Wengi wamejaribu kununua kifaa kimoja cha kuongeza nguvu. Kifaa hicho husaidia, ila kile cha bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ile ile; wakati anapokea hawezi kurusha, na kwa hiyo kasi hupungua kwa takriban nusu. Mara nyingi pia huwa na jina lake la mtandao, na simu huendelea kung'ang'ania ruta ya mbali ilhali ya karibu ipo.

Mfumo wa meshi umechukua jina la wavu. Kama vile kila fundo la wavu wa mvuvi linavyoshikana na mafundo yaliyo jirani yake, ndivyo vituo vya mfumo huu vinavyoshikana. Kituo kikuu huunganishwa na modemu ya mtoa huduma. Vituo vingine viwili au vitatu huwekwa ndani ya nyumba. Vyote hutumia jina moja na neno moja la siri, na hupeana habari ili kuchagua njia iliyo bora. Simu ndiyo inayoamua kuhama kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mfumo huisaidia ihame kwa wakati. Kituo kimoja kikizimika, vilivyobaki vinaweza kutafuta njia nyingine, mradi vinasikilizana.

Mifumo iliyo bora huwa na redio ya tatu, ambayo kazi yake ni mazungumzo baina ya vituo. Kwa kawaida vituo vya watengenezaji mbalimbali havielewani. Hivyo vinunuliwe vya aina moja, na viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Ieleweke wazi kwamba meshi haiongezi kasi iliyonunuliwa. Kazi yake ni kuifikisha.

NNE: MAHALI PA KUVIWEKA VITUO

Kosa linalotendeka sana ni kukiweka kituo cha pili ndani ya chumba kisicho na mtandao. Kituo kisichosikia hakina cha kugawa. Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo mawimbi ya kituo kikuu bado yana nguvu.

Katika nyumba ya mawe, ukuta mmoja mnene baina ya kituo na kituo unatosha. Ikiwezekana kusiwe na ukuta kabisa. Zitumike nafasi wazi ambazo mafundi wa kale walituachia: behewa, ngazi na milango inayotazamana. Kituo kilichowekwa dirishani kuelekea behewa huweza kusikilizana na kituo cha ghorofa ya juu kupitia hewa tupu, jambo ambalo lisingewezekana kupitia ukutani. Kituo kiwekwe juu ya meza au rafu, kisifungiwe kabatini wala kufichwa nyuma ya friji.

Ulio bora zaidi ni waya. Waya wa mtandao huweza kufika mita 100 bila ya kupoteza kasi, na vituo vilivyounganishwa kwa waya havijali unene wa ukuta. Hata hivyo, wakaazi wa Mji Mkongwe wanakumbushwa kutotoboa kuta wala kupitisha nyaya usoni mwa nyumba kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Aghalabu waya huweza kufuata ngazi au tundu lililokwisha kuwapo.

TANO: UMEME NA USALAMA

Kila kituo huhitaji umeme wake. Unapokatika, mfumo wote huzimika, isipokuwa modemu na vituo vyote vina betri ya akiba. Aidha, vifaa hivi vilindwe dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na visiwekwe mahali panapopigwa na chumvi ya bahari.

Kwa upande wa usalama, kila mwenye nyumba anashauriwa kubadilisha neno la siri la kiwandani, kuchagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kwa vifaa vya zamani, kuweka mtandao wa pembeni kwa wageni, na kuruhusu programu ya mfumo ijisasishe. Watumishi wanaoshughulikia nyaraka za Serikali nyumbani wazingatie haya kwa mkazo, kwani mawimbi yanayofika chumbani hufika pia barazani na kwa jirani.

HITIMISHO

Mwananchi asikimbilie kununua. Kwanza aisogeze ruta aliyonayo hadi katikati ya nyumba na kuinua juu, kisha apime tena. Nyumba ndogo huenda isihitaji zaidi ya hapo. Ikibidi, aanze na vituo viwili, na cha tatu kiongezwe iwapo vipimo vimeonesha haja. Na vipimo hivyo visiishie ukumbini: vifanywe katika chumba kilicho mbali kuliko vyote, akiwa ameketi pale anapoketi mwenye chumba. Mtandao ukifika hapo, nyumba nzima imefikiwa.