Jeti za Johannesburg: Vinara wa Kutia Fora

Mtu maarufu akipiga picha kwenye ngazi ya jeti, sisi watazamaji huanza kukisia utajiri wake. Watu wa Johannesburg wameshaona mengi, kwa hiyo wao huuliza kwanza hati iko kwa jina la nani. Jibu mara nyingi ni kampuni ambayo hujawahi kuisikia, nyuma yake kuna mkopeshaji aliye ng'ambo, na huyo maarufu mwenyewe kwenye makaratasi ni abiria tu. Hawa hapa ni vinara wa mji huo, na zawadi ya kwanza haina mshindani.

Iliyovuma kuliko zote: ZS-OAK

Ndege hii ni Bombardier Global 6000, inayoweza kuondoka Johannesburg ikafika London bila kutua njiani. Ilikuwa ya familia ya Gupta, wale ndugu kutoka India waliokuwa karibu mno na Jacob Zuma, rais wa Afrika Kusini wakati huo. Angalia herufi za mwisho: OAK. Kampuni kuu ya familia iliitwa Oakbay, na Afrika Kusini, kama nchi nyingi, mwenye ndege anaweza kuomba herufi anazozipenda maadamu hazijachukuliwa. ZS ni ya nchi, hiyo huichagui.

Ununuzi wenyewe ndio somo. Mwaka 2015 shirika la serikali ya Kanada la kukuza mauzo ya nje, EDC, lilitoa mkopo wa dola milioni 41 za Marekani. Kwa nini serikali ya Kanada imkopeshe tajiri wa Johannesburg? Kwa sababu Bombardier ni kampuni ya Kanada, na mkopo ule uliuza ndege ya Kanada. Kampuni ya familia, Westdawn Investments, ikaichukua kwa mkataba wa kuilipia kidogo kidogo, na wanafamilia wakaweka dhamana binafsi. Ndivyo jeti nyingi zinavyonunuliwa duniani. Tajiri halipi fedha zote taslimu hata kama anazo, kwa kuwa fedha zake zinazaa zaidi kwenye biashara kuliko zikilala ndani ya bati linaloshuka thamani kila mwaka.

Mambo yaliharibika Zuma alipoanza kuyumba. Benki kubwa za Afrika Kusini zilikuwa zimeshafunga akaunti za kampuni za Gupta, na mwishoni mwa 2017 EDC ikavunja mkataba ikidai masharti yamekiukwa. Mapema Februari 2018 ndege ikatoweka kwenye tovuti zinazofuatilia safari za anga. Mkopeshaji hakujua mali yake iko wapi! Akakimbilia Mahakama Kuu ya Johannesburg, akieleza hofu kwamba ndege ingeweza kutumiwa kuwakwepesha watu mkono wa sheria.

Mwezi Machi Jaji Fayeeza Kathree-Setiloane akaamuru ndege irudishwe na kuwekwa katika uwanja wa Lanseria, kaskazini-magharibi mwa mji, hadi kesi ya msingi iishe. Isiporudi, mamlaka ya usafiri wa anga iifute kwenye rejista. Hilo la kufuta ndilo lenye meno. Ndege isiyo na usajili hairuhusiwi kuruka popote. Rubani hawezi kuiwasha akaenda hata nchi ya jirani. Aprili ZS-OAK ikatua Lanseria.

Nguvu hiyo ya mkopeshaji ina asili yake Afrika Kusini kwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa dhamana za vitu vinavyohamahama, zikiwemo ndege, ulitiwa saini Cape Town Novemba 2001. Chini yake mnunuzi husaini mapema kabisa, siku za furaha, barua isiyotenguka inayompa mkopeshaji haki ya kuomba ndege ifutwe kwenye rejista na kutolewa nchini. Madai ya kila mkopeshaji huandikwa katika rejista moja ya dunia nzima, iliyoko Ireland. Kenya na Tanzania nazo ni wanachama.

Fedha taslimu nyingi kuliko zote

Septemba 2014 jeti aina ya Challenger ilitua Lanseria ikitokea Nigeria. Ndani ya masanduku maafisa wa forodha walikuta dola milioni 9.3 taslimu ambazo hazikutangazwa. Serikali ya Nigeria ikasema zilikuwa za kununulia silaha.

Lakini ndege ilikuwa ya nani? Ilihusishwa na mchungaji Ayo Oritsejafor, wakati huo kiongozi wa Chama cha Wakristo cha Nigeria, ambaye alikuwa amezawadiwa jeti na waumini wake miaka miwili kabla. Yeye akasema ana hisa tu katika kampuni inayoimiliki, na kwamba kampuni hiyo ilishaikodisha kwa kampuni nyingine. Na usajili? Wa Marekani, herufi N. Mchungaji wa Nigeria, ndege ya Marekani, mzigo wa serikali, uwanja wa Johannesburg. Sheria ya Marekani humtaka mwenye usajili awe Mmarekani, ndipo wageni hupitia amana: benki au kampuni ya huko inashika hati kwa niaba yao. Si kosa, ila ukitafuta jina la tajiri kwenye rejista utakutana na jina la mdhamini.

Lango lililogharimu uwaziri

Familia ya Oppenheimer, iliyouza hisa zake za De Beers kwa dola bilioni 5.1, ilijenga Fireblade, kituo cha jeti binafsi katika uwanja wa O.R. Tambo. Walichokitaka ni maafisa wa uhamiaji na forodha papo hapo, wageni wasipange foleni na sisi wengine. Waziri Malusi Gigaba alidai hakuwahi kuidhinisha. Oktoba 2017 mahakama ya Pretoria ikaona kwamba aliidhinisha, na kwamba alisema uongo chini ya kiapo. Novemba 2018 akajiuzulu. Sijui foleni nyingine ya pasipoti iliyomwangusha mtu mkubwa hivyo.

Uwanja huohuo una njia ya kurukia yenye zaidi ya mita 4,400, miongoni mwa ndefu kabisa duniani. Si mbwembwe: Johannesburg iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka.

Wageni wa harusi waliotua pabaya

Aprili 30, 2013, Airbus ya Jet Airways ilishusha wageni wapatao 200 wa harusi ya Gupta katika kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, karibu na Pretoria. Ndege ilikuwa ya kukodi, uwanja ulikuwa wa umma, na hasira ya wananchi ikawa ya bure.

Iliyokamatwa na Watanzania wakaandamana

Hii haikuwa ya tajiri. Agosti 2019 Airbus ya Air Tanzania ilizuiwa O.R. Tambo kwa sababu ya mkulima mstaafu aliyekuwa akiidai serikali yetu fidia ya dola milioni 33. Watu waliandamana hadi ubalozi wa Afrika Kusini Dar es Salaam. Mapema Septemba mahakama ya Johannesburg ikaiachia, ikisema haina mamlaka juu ya shauri lile. Ndege ya serikali ikapona. Ndege ya bilionea, mwaka mmoja nyuma, haikupona. Mkulima hakuwa mkopeshaji mwenye ile barua.

Kwa hiyo ukiona picha ya msanii kwenye ngazi, acha viatu, soma mkia. ZS ni Afrika Kusini, 5H Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, N Marekani, M kisiwa cha Man, T7 San Marino. Kisha andika namba hiyo kwenye tovuti ya kufuatilia ndege. Ikiwa jana ilikuwa mji mwingine na juzi mwingine tena, huenda msanii wako ameikodi kwa saa.