Hilo Jiwe la Mistari Machakos Liliiva Nusu, Msee

Ushakwea kilima Machakos ukapiga picha kwa mwamba wa mistari kama punda milia, halafu ukaandika “lava”? Zii, umetupanga.

Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, mawe yakasukumwa makumi ya kilomita chini, joto ikafika kama digrii 700. Lakini jiwe haliyeyuki lote mara moja. Cheki mbuzi kwa jiko: mafuta inachuruzika, nyama inabaki. Kwatsi na feldispa ndizo huyeyuka kwanza, hasa kukiwa na maji kidogo, zikiganda zinakuwa mistari myeupe. Madini nyeusi hukaza tu.

Jakob Sederholm wa Ufini aliliita migmatiti mwaka wa 1907, kutoka Kigiriki, yaani mchanganyiko. Haikumwagika popote. Milima iliyolifunika ndiyo ilimomonyoka pole pole, ikaisha. Sasa rudi uedit hiyo kepsheni.