PICHA MBICHI AU PICHA ILIYOPIKWA?

Ndugu msomaji, je, picha inaweza kuwa ushahidi? Ndiyo, inaweza. Mfano uko hapa hapa Rungwe.

Mwaka 2003 wataalamu wa wanyama walikuwa wakifanya kazi kwenye Mlima Rungwe. Wenyeji waliwaambia juu ya kima mwenye woga anayeitwa kipunji. Wataalamu walimtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2004 wataalamu wengine walimwona pia katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 walimtangaza duniani kuwa ni kima mpya kwa sayansi. Wakati huo hawakuwa na ngozi yake wala mifupa yake. Walitegemea picha na sauti. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Alipochunguzwa, mwaka 2006 akapewa jina jipya la kitaalamu, Rungwecebus. Jina hilo limetokana na Mlima Rungwe.

Kwa hiyo picha si pambo la ukuta tu. Migomba yako ikiugua, picha nzuri itamsaidia bwana shamba kuona majani yalivyo. Mzee akifariki, huenda picha moja tu ndiyo itakayobaki kwa wajukuu. Kwa hiyo jifunze kutunza picha.

Kamera ya dijitali haitumii filamu. Hutunza picha katika kadi ndogo. Kamera nyingi za wapiga picha zina njia mbili za kutunza. Moja huandikwa RAW. Nyingine huandikwa JPG. Tofauti yake ni nini? Fikiria ndizi.

RAW ni kama ndizi mbichi. Ndizi mbichi unaweza kuipika, kuichoma au kuivundika. Picha ya RAW nayo ni mbichi. Ina karibu yote ambayo kamera iliyaona. Baadaye, kwa kompyuta, wewe ndiwe mpishi. Unaweza kuongeza mwanga penye giza na kusahihisha rangi. Lakini picha hii ni nzito. Mara nyingi picha moja ya RAW hula nafasi ya picha tatu au nne za JPG. Tena haifunguki katika kila simu.

JPG ni kama ndizi iliyokwisha pikwa. Kamera yenyewe imechagua rangi na mwanga. Mengine imeyatupa ili picha iwe nyepesi. Chakula ki tayari. Picha hutumwa upesi na hufunguka katika simu nyingi. Lakini ndizi iliyopikwa hairudi kuwa mbichi. Kilichotupwa hakirudi.

Je, uchague ipi?

1. Ukipiga picha za mkutano au za shamba mchana, na watu wanazitaka leo, tumia JPG. Chagua JPG kubwa, si ndogo.

2. Ukipiga picha msituni, katika ukungu au ndani ya nyumba yenye giza, tumia RAW. Rungwe ina mvua na mawingu mengi. Mwanga hubadilika mara kwa mara.

3. Kwa harusi, au jambo lolote lisilorudiwa, tumia zote mbili pamoja kama kamera yako inaweza. JPG utawapa watu. RAW utaiweka akiba. Lakini chukua kadi kubwa.

Kuna mambo mengine ya kuangalia. JPG ukiirekebisha na kuihifadhi upya mara nyingi, inazidi kuharibika. Kwa hiyo usiiguse picha ya kwanza. Fanya kazi juu ya nakala. Pia ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa. Bwana shamba anaweza asione madoa madogo ya jani. Itume kama hati, ifike kama ilivyo. Tena weka nakala mahali pawili, maana kadi huharibika na simu huibiwa.

Lakini usidanganyike. RAW haiponyi picha iliyotikisika. Shika kamera imara, futa kioo chake, sogea karibu.

Ndugu msomaji, dunia ilimjua kipunji kwa picha. Shamba lako na wazee wako nao wanastahili picha nzuri. Kabla hujabonyeza, tazama kamera yako. Imeandikwa RAW au JPG? Chagua wewe. Usiiache kamera ikuchagulie.