Maboresho ya hiari katika nyumba mpya: mnunuzi achague nini kwanza?

Na Mwandishi Wetu, Singida

Mwananchi anayenunua nyumba mpya kutoka kwa mwendelezaji hukutana na bei mbili. Ya kwanza ni bei ya msingi ya nyumba kama ilivyochorwa. Ya pili hutokana na maboresho ya hiari, yaani vitu ambavyo mnunuzi anaweza kuviongeza kwa malipo ya ziada: marumaru badala ya sakafu ya saruji, kabati za jikoni, dari ya jipsamu, tangi la maji, uzio, mfumo wa umeme wa jua na kadhalika. Mara nyingi uamuzi huo hutakiwa kufanyika mapema, kabla mafundi hawajafikia hatua ya umaliziaji, na humkuta mnunuzi akiwa bado anashughulikia malipo ya awali na nyaraka za mkopo.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga vipaumbele katika uchaguzi huo kwa kuzingatia mazingira ya Mkoa wa Singida, gharama halisi ya mkopo na haki za mnunuzi katika mkataba.

Kutoka kujenga hadi kununua

Kwa miaka mingi wakazi wengi wa Singida wamepata makazi kwa kujenga wenyewe, hatua kwa hatua. Mkulima akiuza alizeti au vitunguu hununua tofali. Msimu unaofuata huezeka. Sakafu na rangi husubiri hadi fedha nyingine ipatikane. Sambamba na utaratibu huo, taasisi za umma zimekuwa zikijenga nyumba za kuuza. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za gharama nafuu katika eneo la Unyankumi, Manispaa ya Singida. Taasisi ya Watumishi Housing nayo ilianzishwa kwa lengo la kuwapatia watumishi wa umma nyumba bora kwa bei wanayoimudu. Aidha, mradi wa NHC unaojulikana kama Samia Housing Scheme umepangwa kuwa na nyumba 5,000, ambapo asilimia 50 ni za Dar es Salaam, asilimia 20 za Dodoma na asilimia 30 za mikoa mingine.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni muhimu katika suala la maboresho. Anayejenga mwenyewe hulazimishwa na hali kufuata mpangilio sahihi: hawezi kuweka marumaru kabla ya msingi, wala kupaka rangi kabla ya kuezeka. Anayenunua nyumba iliyokamilika huletewa vitu vyote kwa wakati mmoja katika orodha moja, na ni rahisi kwake kuvutwa na kile kinachong'aa. Kanuni inayopaswa kumwongoza ni ile ile ya mjenzi: kianze kile ambacho hakiwezi kuongezwa baadaye bila kubomoa.

Kilichofukiwa na kinachoonekana

Maboresho yote yanaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni yale yanayofukiwa ardhini, yanayopita ndani ya kuta au yanayobebwa na paa. Humo kuna uimara wa msingi kwa anayetarajia kuongeza ghorofa, mabomba ya maji na majitaka, njia za nyaya za umeme ukutani, ukubwa wa shimo la majitaka, unene wa bati na uimara wa kenchi. Kundi la pili ni yale yanayowekwa juu ya kitu kilichokwisha kukamilika: aina ya marumaru, rangi, taa za mapambo, kabati, pazia, bustani na vitofali vya kupanga uani.

Kitu cha kundi la pili kinaweza kununuliwa mwaka wowote, kwa fundi yeyote mwenye sifa, na kwa bei ambayo mnunuzi anaweza kuilinganisha sokoni. Kitu cha kundi la kwanza kikiachwa, kukirudisha kunahitaji kuvunja ukuta au kuchimba sakafu, na gharama yake hujumuisha pia kurekebisha kilichovunjwa. Kwa mfano, kupitisha bomba la ziada kwenda mahali patakapojengwa choo cha pili ni kazi ndogo kabla sakafu haijamwagwa zege. Baada ya hapo huwa ni kazi ya kubomoa na kujenga upya.

Kwa nyumba iliyo ndani ya jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inatambua umiliki binafsi wa sehemu pamoja na maeneo ya pamoja. Kuta zinazobeba jengo, paa na mabomba makuu si mali ya mnunuzi mmoja, hivyo maboresho yanayogusa maeneo hayo hayawezi kufanywa kwa uamuzi wake peke yake.

Maji yaje kabla ya marumaru

Singida ni mkoa wa ukame wa wastani. Mvua hunyesha msimu mmoja, kwa kawaida kati ya mwezi Novemba au Desemba na Aprili, na sehemu kubwa ya mkoa hupata takriban milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, katika orodha yoyote ya maboresho, mifereji ya kuvuna maji ya paa na tangi la kuyahifadhi vinastahili kuangaliwa kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 katika mwaka wa mvua ya milimita 600 hupokea lita 60,000. Hata ikipotea asilimia 20 kwa kumwagika na kukauka, hubaki lita 48,000. Kikwazo huwa ni mahali pa kuhifadhi. Familia ya watu watano ikitumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku, tangi la lita 5,000 litaitosheleza kwa siku 50, na la lita 10,000 kwa siku 100. Anayehitaji hifadhi kubwa zaidi, hasa tangi la kujengwa chini ya ardhi, anapaswa kuamua kabla ya ua kupangwa vitofali.

Mnunuzi anaweza pia kupewa fursa ya kuchimbiwa kisima. Hapa tahadhari inahitajika. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji ya ardhini ya baadhi ya maeneo yana madini ya floridi kwa wingi, na mengine yana chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huharibu meno ya watoto yanapokua, na kiwango kikubwa kwa muda mrefu hudhuru mifupa. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kwa hiyo, kisima kisilipiwe kabla sampuli ya maji kupimwa maabara, na mkataba ueleze nani anabeba gharama endapo maji hayatafaa kunywewa. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, ingawa yanahitaji tangi lenye mfuniko, kichujio na kuacha mvua za kwanza zisafishe paa.

Upepo, jua na nishati ya kupikia

Upepo wa Singida unafahamika kiasi cha mkoa kutajwa mara kwa mara katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Kwa mwenye nyumba, upepo huo ni jaribio la paa. Mnunuzi aulize unene wa bati kabla ya kuuliza rangi yake, na akumbuke kuwa katika vipimo vya geji namba ndogo humaanisha bati nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Aulize pia namna kenchi zilivyofungwa kwenye kuta. Nyongeza ya fedha katika eneo hili haionekani kwa mgeni anayetembelea nyumba, lakini ndiyo inayolinda kila kilichomo ndani.

Kuhusu nishati, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nyumba inayonunuliwa leo itakuwa bado inakaliwa wakati huo. Ni busara jiko liwekewe saketi yake ya umeme yenye waya mnene unaokidhi jiko la umeme, pamoja na sehemu salama ya mtungi wa gesi nje ya nyumba, hata kama mnunuzi bado anatumia mkaa. Vilevile, njia ya nyaya kutoka paani hadi kwenye ubao wa umeme humrahisishia kufunga paneli za jua baadaye. Paneli zenyewe zinaweza kusubiri.

Gharama halisi ya nyongeza

Wanunuzi wengi hujumuisha maboresho katika mkopo wa nyumba kwa kuwa ongezeko la makato ya mwezi huonekana dogo. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue mfano wa maboresho ya shilingi milioni 5 yaliyoongezwa kwenye mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15. Rejesho la mwezi huongezeka kwa takriban shilingi 70,000. Mkopo utakapomalizika, maboresho hayo yatakuwa yamemgharimu mnunuzi takriban shilingi milioni 12.6.

Kwa mtumishi wa umma kuna jambo la ziada. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Shilingi 70,000 zinazokatwa kila mwezi kwa ajili ya dari ya mapambo hupunguza nafasi ya kukopa pale mtoto anapoingia chuo au mzazi anapougua. Ndiyo maana inashauriwa mkopo wa muda mrefu ubebe vitu vya muda mrefu: msingi, mabomba, nyaya, paa na tangi. Marumaru za gharama na kabati za kisasa zinunuliwe kwa akiba, kidogo kidogo, kama ambavyo mjenzi wa Singida amekuwa akifanya siku zote.

Kila kitu kiandikwe

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkataba wa uhamisho wa ardhi uwe wa maandishi ili uweze kutekelezwa kisheria. Makubaliano ya maboresho nayo yasibaki mdomoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kusaini, mnunuzi ahakikishe kuwa kila boresho limetajwa kwa aina, kipimo, idadi na bei, na kwamba imeelezwa iwapo bei hiyo inajumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Neno "marumaru bora" halitoshi. Ukubwa na daraja la marumaru vitajwe. Tarehe ya kukamilisha iandikwe, pamoja na utaratibu wa kurejeshewa fedha iwapo kitu hakitawekwa. Mkataba uonyeshe pia kipindi cha matazamio ambacho mwendelezaji atarekebisha kasoro bila malipo, na useme wazi kuwa kipindi hicho kinahusu pia maboresho.

Pale gharama inapokuwa kubwa, ni vyema kumtumia mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) alinganishe bei ya mwendelezaji na bei ya soko. Kwa kazi zitakazofanywa baada ya makabidhiano, kama kuongeza chumba, kibali cha ujenzi kitahitajika kutoka halmashauri husika.

Kwa muhtasari, mnunuzi akishika orodha ya maboresho ajiulize maswali matatu kwa kila kipengele. Je, kitu hiki kinaweza kuongezwa baadaye bila kubomoa? Je, kinajibu hitaji la maji, upepo au nishati la mahali nyumba ilipo? Je, bei yake baada ya riba bado inastahili? Kipengele kisichoweza kuongezwa baadaye, kinachojibu hitaji na kinachostahili bei yake kiingie kwenye mkataba. Vingine visubiri, kwa sababu nyumba ikishakuwa imara na yenye maji, kuipamba kuna miaka mingi mbele yake.