Renesansi: Ni kipindi cha historia au ni hukumu ya wanahistoria?

MSOMAJI wa safu hii kutoka Kisian, Kaunti ya Kisumu, ameniuliza: falsafa ya Renesansi ilianza lini na kuisha lini? Na je, neno ‘Mwamko’ linatosha kuwa tafsiri yake?

Nianze na neno lenyewe. Limetoka katika Kifaransa, na maana yake ni kuzaliwa upya. Sasa, ukisema ‘Mwamko’, unadai kwamba kuna watu waliokuwa wamelala. Akina nani hao? Petrarch, mshairi wa Italia wa karne ya 14, ndiye aliyeziona karne zilizofuata kuanguka kwa Roma kuwa za giza. Mnamo 1550, Giorgio Vasari akaandika kuhusu kuzaliwa upya kwa sanaa. Hata hivyo, jina hilo lilikuja kuenea kama jina la kipindi kizima katika karne ya 19, kupitia kwa Jules Michelet (1855) na Jacob Burckhardt (1860). Yaani, hakuna aliyeamka asubuhi akatangaza, “Jamani, Renesansi imeanza leo!”

Kwa upande wa falsafa, mipaka inafifia zaidi. Ni kweli Marsilio Ficino alimfasiri Plato kwa Kilatini, na kazi hiyo ikachapishwa 1484. Lakini vyuo vikuu viliendelea kumfundisha Aristotle kama zamani. Naye Paul Oskar Kristeller alishikilia kwamba uhumanisti wa wakati ule haukuwa falsafa moja, bali kundi la masomo: sarufi, balagha, historia, ushairi na maadili. Ndiyo maana kuuita ‘utu’ kunapotosha.

Hebu tazama Kisian kwenyewe. Ukitoka Kisumu mjini, hapo barabara inagawanyika: moja yaelekea Maseno na Busia, nyingine Bondo. Hakuna ukuta, kuna kibao tu. Tarehe za wanahistoria ni vibao vya aina hiyo. Vinasaidia msafiri, lakini havikuota vyenyewe. Kuna aliyevisimika.

Marehemu Profesa Bethwell Ogot, aliyesomea Maseno, naye alisimika vyake. Kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini kina miaka 1500 hadi 1900 katika anwani yake. Alitegemea masimulizi na nasaba za koo, akikadiria miaka kwa kuhesabu vizazi. Kilichompa kipimo ni uhamaji na makazi ya Wajaluo wenyewe. Linganisha na msemo wetu wa kila siku, ‘kabla ya ukoloni’. Humo tunatupa karne zote kama gunia moja, eti historia yetu ilikuwa ikimngoja mgeni. Petrarch aliwafanyia waliomtangulia jambo lilo hilo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kwa hivyo, tuchague maneno kwa makini. ‘Enzi’ hubeba dhana ya mamlaka, kama katika enzi ya sultani fulani. ‘Zama’ huashiria umbali wa wakati. ‘Kipindi’ halina upande. Napendekeza ‘kipindi cha Renesansi’, aghalabu kutoka katikati ya karne ya 14 hadi mwaka wa 1600 hivi. Anayependelea ‘Mwamko’ na alitumie, mradi atueleze ni nani aliyesema wengine walikuwa wamelala.