Kipande Kinachonusa kwa Kubadili Rangi

Kila mwenye mikarafuu ajua kwamba karafuu iliyokauka vizuri na iliyobaki na maji hazinuki namna moja. Mkono hupima, sikio husikiliza karafuu ikivunjika, na pua hutoa hukumu. Lakini pua ya muuzaji na pua ya mnunuzi hazipatani siku zote, na hapo ndipo ugomvi wa daraja na bei unapoanza. Kwa hiyo yafaa wanachama wapate habari za chombo kinachonusa mvuke na kutoa jawabu lake kwa rangi, mbele ya macho ya watu wote.

Chombo hiki chatokana na vitu viwili. Cha kwanza ni silikoni, ambayo asili yake ni mchanga. Mwaka 1956, Arthur Uhlir wa maabara za Bell, Marekani, alikuwa akijaribu kuing'arisha kwa umeme na asidi. Badala ya kung'aa, ikafanya utando wa rangi. Baadaye ilijulikana kwamba utando ule umejaa vitundu, kama sifongo. Vitundu hivyo vyaweza kuwa na upana wa nanomita chache tu, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Rangi yatoka wapi? Tazama mafuta ya mashine yaliyomwagika juu ya dimbwi. Mwanga hurudi kutoka uso wa juu wa utando na kutoka uso wa chini. Miale hiyo ikikutana, baadhi ya rangi huzidi nguvu na nyingine hufifia. Silikoni yenye vitundu hufanya vivyo hivyo. Mvuke ukiingia humo, hugeuka maji mapema kuliko nje, kwa sababu ya wembamba wa nafasi. Pale palipokuwa na hewa sasa pamejaa, mwanga hupita polepole zaidi, na rangi husogea upande wa nyekundu. Mvuke ukitoka, rangi ya kwanza hurudi.

Kitu cha pili ni punje ndogo mno za dhahabu au fedha. Katika British Museum, London, kipo kikombe cha kioo cha Warumi cha karne ya 4, kiitwacho Kikombe cha Lycurgus. Kikimulikwa kwa nje ni cha kijani. Taa ikiwekwa ndani, huwa chekundu. Siri yake ni punje za dhahabu na fedha zilizomo katika kioo, zenye upana wa nanomita 50 hadi 100 hivi. Rangi ya punje kama hizo hufuata pia kitu kinachozizunguka. Basi wataalamu huzitia ndani ya vitundu: vitundu hukamata mvuke, na dhahabu hutoa ushahidi.

Mambo haya yamekwisha kujaribiwa kwa kazi ya kuokoa maisha. Mwaka 2007, Michael Sailor na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza jinsi ya kuweka silikoni ya namna hii kwenye ncha ya uzi wa kioo, ndani ya makaa yanayochuja hewa. Makaa yakikaribia kushiba mvuke wa sumu, rangi hubadilika, na mvaaji wa barakoa huonywa kabla hajaivuta.

Je, sisi itatufaa? Hapa tusidanganyane. Yujino, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, huchemka kwenye joto la nyuzi 254 hivi za sentigredi, kwa hiyo mvuke wake ni haba. Mvuke wa maji ni mwingi, hasa visiwani, nao waweza kuufunika. Wataalamu hupaka vitundu dawa ya kukataa maji, au hutumia vipande kadhaa kwa pamoja na kulinganisha. Kwa mkulima, jambo la kwanza la kutarajia ni kupima unyevu. Kutambua wingi wa mafuta ni kazi ngumu zaidi.

Siku chombo cha namna hii kitakapoletwa kituoni, tusikipokee kwa sababu tu kimetoka ng'ambo. Kijaribiwe kwa karafuu zetu wenyewe, wakati wa jua na wakati wa mvua, na rangi yake ionwe na muuzaji na mnunuzi pamoja, kama mizani. Hadi hapo, hakuna badala ya jamvi safi, jua la kutosha, na kuanua kabla mvua haijashuka.