Printa Ikionyesha "Offline", Tuanzie Wapi?



Robo ya mwaka inapoisha, ofisi za parokia huwa na mengi ya kuchapa: taarifa za fedha, mihtasari ya vikao na barua kwa wafadhili. Kompyuta ikionyesha wakati huo kwamba printa iko "Offline", kazi husimama. Kwa ofisi iliyoko Buger, kuibeba printa hadi kwa fundi Karatu mjini ni gharama ya nauli, na taarifa inazidi kuchelewa.

Neno hilo halimaanishi kwamba printa imekufa. Maana yake ni kwamba kompyuta inaiita printa na haipati jibu. Wala kununua kifurushi cha intaneti si dawa. Kwa kawaida kompyuta na printa zilizo ofisi moja huwasiliana kwa waya au kupitia ruta, hata kama kifurushi kimekwisha.

Tunashauri hatua hizi, kwa mpangilio:

1. Hakikisheni printa imewashwa, ina karatasi na haionyeshi taa ya hitilafu. Kama ina sehemu ya kutoa kopi, toeni moja. Kopi ikitoka vizuri, tatizo huenda liko kwenye mawasiliano au kwenye kompyuta.

2. Kama inatumia waya wa USB, uchomoeni na kuuchomeka tena, ikiwezekana kwenye tundu jingine.

3. Kama inatumia Wi-Fi, angalieni kompyuta iko kwenye mtandao gani. Katibu akiiunganisha na simu yake ili atume barua pepe, printa iliyobaki kwenye ruta haitaonekana. Irudisheni kompyuta kwenye ruta.

4. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa namba nyingine ya mtandao, huku kompyuta ikiitafuta kwa namba ya zamani. Zimeni vyote, kisha washeni ruta, printa, na mwisho kompyuta. Ikishindikana, ifuteni printa kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Tatizo likijirudia, fundi anaweza kuipangia printa namba ya kudumu kwenye ruta.

5. Fungueni foleni ya printa na kufuta kazi zilizokwama. Katika Windows 10, kama "Use Printer Offline" ina alama, iondoeni. Msibonyeze kuchapa mara nyingi: printa ikirudi itatoa nakala zote, na wino utapotea bure.

Tunaziomba kamati zisiidhinishe ununuzi wa printa mpya kabla hatua hizi hazijafanyika na matokeo yake kuandikwa kwenye daftari la ofisi. Daftari hilo litamsaidia fundi akihitajika, na litawaonyesha waamini na wafadhili kwamba michango yao inatunzwa kwa uaminifu.

Mungu awabariki katika utumishi wenu.